Mguu Uliokataa Gundi

Sikuwepo, ila rafiki yangu Chizuru si mwongo. Huko Nagano anakofukua mambo ya kale, alitumwa stoo kuunga mguu wa kisanamu cha udongo chenye umbo la mama. Watu wa kale walivivunja visanamu hivyo makusudi, na hadithi husimulia mungu mke aliyeuawa, nafaka zikaota mwilini mwake.

Mara mbili aliunga kwa gundi, mara mbili kesho yake akakuta mguu umevunjika.

"Morio, acha utani wako," alimwambia mwenzake.

"Ufunguo si unao wewe, bibie?"

Siku ya tatu aliunga tena, akakifungia kisanamu sandukuni, akazima taa, akamshika Morio mikono yote miwili. Kisha, mle sandukuni, kitu kikalia ka!

Walifungua. Mguu ulikuwa umekatika palepale, na kwenye udongo ule mkavu lilikuwa limechomoza chipukizi bichi la mtama.