Aliyekanyaga Pedali

Jua lilikuwa linajikokota kwenda kulala, na Boflo naye angelifuata papo hapo kama si breki.

Boflo, yaani mkate, lilikuwa jina la kazini. Alikuwa dereva wa vani ya mikate, na kwa miaka yote ya kuonja alichobeba, tumbo lake lilikuwa limeumuka vizuri kuliko mkate wowote wa kile kiwanda. Vani yenyewe ilikuwa kuukuu. Mita ya kilomita ilihesabu mpaka ikachoka, ikasimama, na tangu hapo gari likawa linazeeka bila ushahidi, kama shangazi yake Boflo. Mlango wa pembeni ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Honi ililia yenyewe kila gari likikata kona ya kushoto, utake usitake. Basi kila jioni, badala ya kukaa na kunyoosha miguu kama binadamu, Boflo aliingia uvunguni.

"Wenzangu wanaibiwa waume na wanawake," mkewe alizoea kulalamika. "Mimi nimeibiwa na bati."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya breki. Asubuhi pedali ilizama mpaka chini, laini kama mtu anayekanyaga mto wa kulalia, na gari likasimama baada ya kuubusu ukuta wa kiwanda. Meneja alitoka na kikombe chake mkononi, akautazama ukuta, akalitazama gari, akamtazama Boflo. Wote watatu walikuwa wamechakaa.

"Kesho alfajiri nakutaka hapa getini na gari lenye breki," akasema. "Usipotokea, njia yako nampa mwingine."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Boflo, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, hakuwa na gari jingine, na nguvu za kuanza kutafuta ziliisha zamani.

Kwa hiyo jioni hiyo, uani kwake, alikuwa amelala chali juu ya boksi lililopasuliwa, akitoa upepo kwenye breki. Hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, anakanyaga pedali mara kadhaa, kisha anaishikilia chini na kusema, "Nimeshika." Aliye uvunguni analegeza nati nyuma ya gurudumu, mafuta ya breki yanaruka na mapovu yake, anakaza nati, halafu anasema, "Achia." Aliye juu haruhusiwi kuinua mguu kabla ya kusikia neno hilo. Akiinua, upepo unarudi ndani, na kazi inaanza upya.

Kile kiti kilikuwa cha mkewe. Hakuna aliyempangia, ila miaka ilipita akawa yeye tu, na mguu wake uliijua kazi.

"Kanyaga!"

Chwii... chwii... chwii...

"Nimeshika."

"Achia!"

Walimaliza magurudumu ya nyuma, wakamaliza moja la mbele. Likabaki la mwisho.

"Baba, naenda kuangalia jiko," mkewe alisema. "Nakuja na chai."

Boflo aliguna. Alisikia ndala zake zikiburuta kuelekea mlangoni. Akafumba macho. Boksi lilikuwa gumu, mgongo ulikuwa unamuuma, lakini kulala ni kulala. Alikuwa ameshaanza kukoroma kidogo kidogo aliposikia mlango wa gari ukilia.

Kiiii...

Springi za kiti zikabonyea.

"Umerudi upesi," akasema bila kufumbua macho. "Haya. Kanyaga."

Chwii... chwii... chwii... Polepole. Kwa adabu.

"Nimeshika."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu. Boflo alimhurumia. Mwanamke wa watu alikuwa ameamka kabla yake na angelala baada yake. Alilegeza nati. Mafuta yakaruka, na pamoja nayo ikashuka harufu. Haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya udongo mbichi, udongo uliochimbuliwa kutoka chini sana.

Akafikiri ni bomba la jirani limepasuka tena. Akakaza nati.

"Achia. Kanyaga tena."

Chwii... chwii... chwii...

"Nimeshika." Halafu, baada ya muda, "Mguu umechoka."

"Shikilia tu, mama," Boflo akasema, kwa maana hata akiwa chini ya gari, yeye na utani hawakuachana. "Utapumzika ukizikwa."

Juu, springi za kiti zikalia taratibu.

"Na mimi nilidhani hivyo."

Boflo akacheka mpaka spana ikamwangukia kifuani. Katika ndoa yao yote mkewe hakuwahi kumjibu vizuri namna ile. Aliikaza nati, akailaza spana kifuani, akafuta machozi kwa mkono wenye grisi, akageuza kichwa amsifu.

Akaona miguu.

Miguu ya mkewe, na ndala zake, imesimama nje, pembeni ya gurudumu.

"Unaongea na nani?" mkewe akauliza. "Chai hii hapa."

Spana ilikuwa bado kifuani. Alihisi uzito wake ukipanda na kushuka, upesi upesi.

"Mama..." akanong'ona. "Wewe uko wapi?"

"Swali gani hilo? Niko hapa."

Boflo alitoka uvunguni kwa kasi ambayo tumbo lile halikuwa limeiona tangu ujana. Boksi lilimfuata, limemganda mgongoni kwa grisi. Akashika mlango wa gari, akachungulia.

Kiti kilikuwa kitupu.

Lakini kilikuwa kimebonyea.

Na pedali ya breki ilikuwa chini. Imekanyagwa. Mkewe aliweka vikombe chini, akaingiza mkono, akaivuta ipande. Haikupanda. Akaongeza mkono wa pili. Wapi. Akaitoa mikono yake harakaharaka, akaipangusa kwenye kanga.

"Ina joto," akasema.

Waliingia ndani, wakafunga mlango, wakafunga na dirisha, ingawa gari halina tabia ya kupitia dirishani. Boflo alieleza kila kitu. Alipofika kwenye lile jibu, mkewe aliketi.

"Yule bibi aliyetuuzia," akasema taratibu. "Unamkumbuka?"

Boflo alimkumbuka. Kikongwe mjane, mwembamba, anayechechemea mguu wa kulia. Siku ile ya kununua, wakati Boflo ameinamia injini akijifanya anajua anachotafuta, bibi alimshika mkono akamwambia, "Mkitoa upepo, baba, usimsahau aliyekanyaga. Mwambie aachie." Boflo alikubali kwa heshima. Njiani akamwigiza, mgongo umepinda, sauti inatetemeka, mpaka mkewe akamfinya.

"Aliniambia habari yake jikoni," mkewe akaendelea. "Sikukuambia, maana ungefanya mzaha. Gari lilikuwa la mume wake. Mzee mkali, hakuna mfano. Yeye chini, mkewe juu, kila jioni kama sisi. Bibi akisema nimechoka, mzee anamjibu, 'Bado kuna upepo. Kanyaga tena.' Hajui jibu lingine. Sasa jioni moja bibi akakanyaga, akasema nimeshika, akangoja. Mzee kimya. Akaogopa kuinua mguu, atagombezwa. Akangoja mpaka giza likaingia, mpaka jirani akaja kuazima nyundo."

"Gari lilimwangukia?"

"Halikumwangukia. Moyo tu ulisimama, kimyakimya. Amelala na spana yake mkononi. Na bibi juu, mguu kwenye pedali, anangoja aambiwe."

Boflo hakuwa na utani wa mahali pale. Alitafuta, hakupata.

Mkewe alichukua simu, akampigia binti wa yule bibi. Alisalimia, akasikiliza. Akasema pole, akasikiliza tena, na uso wake ukabadilika.

"Wamemzika juzi," akasema alipoweka simu. "Anasema mguu wa kulia uliwashinda. Ulikuwa umekaza, kama mtu anayesukuma kitu. Waliomwosha walijaribu kuulegeza, ukakataa. Amezikwa hivyo hivyo."

Chai ilipoa.

Usingizi haukuja, au ulikuja ukaona watu wako macho ukaondoka. Kabla hakujapambazuka Boflo alitoka na tochi. Pedali, chini vilevile. Akashusha jeki, akawasha injini. Ikaitika, maskini, ilikuwa na moyo. Akatia gia, akaachia klachi. Gari likaguna, likatetemeka, likainama pua kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto. Halikusogea. Breki zilikuwa zimeshika magurudumu yote, tena zimeshika vizuri kuliko fundi yeyote angeweza kuzifunga.

Angeweza kukata mpira wa breki gari litembee. Lakini barabara ya kiwandani ni mteremko mtupu, na kumpelekea meneja gari lisilo na breki kabisa kungekuwa kumpelekea mikate na maiti kwa safari moja.

"Hukumwambia aachie," mkewe akasema nyuma yake. Alikuwa amejifunga kanga mbili.

"Nimwambie mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa chini. Anangoja wa chini."

Mbali, lori la kwanza lilipita barabarani. Boflo aliwaza geti la kiwanda, na meneja na kikombe chake, na dereva mwingine anayepakia makreti yake. Alichoka ghafla. Uchovu ule ulimzidi hofu, na huo ndio ulioamua. Akaweka mawe mbele na nyuma ya matairi. Akatandika boksi.

"Kaa mbali," akamwambia mkewe.

"Kile kiti ni changu," mkewe akajibu. "Sitasimama uani kwangu wakati mwanamke mwingine amekalia kiti changu. Tena lazima mtu aangalie kama inapanda." Akafungua mlango. "Bibi, nisogezee kidogo, nipishe mwenzio," akasema, nusu utani, nusu dua. Akaketi. "Miguu nimeikunja huku juu, usihangaike. Sigusi kitu."

Boflo akaingia uvunguni.

Chini kulikuwa na baridi. Ile harufu ya udongo ilikuwa nzito kiasi cha kuitafuna. Akazima tochi, hakutaka kuona lolote. Alikohoa kidogo, kama mtu anayepiga hodi kwa wakubwa.

"Achia, mama," akasema. "Kazi imekwisha. Tunashukuru. Achia."

Chuma kikalia. Taratibu... taratibu... Pumzi ndefu ikapita ndani ya gari zima, kutoka mbele mpaka nyuma, pumzi ya mtu anayetua mzigo wa miaka. Breki zikaachia. Tak. Gari likajitikisa kidogo, likaegemea mawe.

"Imepanda!" mkewe akapiga kelele juu. "Baba, imepanda yenyewe! Kaondoka! Hata harufu haipo!"

Kweli haikuwepo. Boflo alicheka huku machozi yakimwingia masikioni. Ametengeneza mengi katika gari lile, lakini hilo angelisimulia mpaka anazeeka. Bibi wa watu ameambiwa aachie, ameachia. Na meneja atapata gari lenye breki. Akaanza kujiburuta kutoka.

Kukawa na harufu nyingine.

Jasho kuukuu. Grisi.

Na upande wa pili wa ekseli, karibu kabisa na sikio lake, mtu alisafisha koo.

"Bado," ikasema sauti nzito ya kiume. "Bado kuna upepo. Kanyaga tena."

Boflo akapiga kelele.

"Mama... toka... toka kwenye gari!"

Mlango haukulia. Zililia springi za kiti.

"Baba?" Mkewe alikuwa anaongea kwa mshangao, kama mtoto anayeona kitu kigeni mkononi mwake. "Baba, miguu yangu... mbona inashuka?"

Ndala moja ilidondoka, ikagonga ukingo wa mlango ulioachwa wazi, ikaanguka chini karibu na uso wake.

Chwii...

"Achia!" Boflo akalia, akipiga bati kwa ngumi. "Achia! Mimi ndiye niliye chini! Nimesema achia!"

Chwii... chwii...

Breki zikashika magurudumu. Tak. Gari likatulia tuli.

"Nimeshika," mkewe akajibu.

Sauti ilikuwa yake kabisa, ile ya kila jioni. Ila ilikuwa imechoka mno. Na hakuwa anamjibu Boflo.