Aproni Iliyopigwa Picha

Kila siku baada ya shule, Daryna alivuka barabara yenye theluji hadi hospitali ya mji wao huko Manitoba, akamsubiri mama yake, Halyna, mpiga picha za eksirei. Alikaa katika chumba cha wafanyakazi, akala mkate kwa jibini na kuuliza maswali.

"Mama, mbona mgonjwa anabaki kule kwenye mashine na wewe unajificha nyuma ya ukuta?"

"Mgonjwa anapigwa picha, anaenda zake. Mimi niko hapa kila siku. Mionzi kidogo kidogo ikizidi, inadhuru mwili."

"Na Anti Noreen?"

Noreen, mfanyakazi mwenza wa Halyna, alikuwa mjamzito. Alicheka. "Nikilazimika kukaa karibu na mashine, navaa aproni yenye madini ya risasi ndani, wewe mdaku! Madini hayo yanazuia mionzi."

"Ikipasuka ndani, mtajuaje?"

"Tunaipiga picha yenyewe," mama yake alijibu. "Ndiyo maana haikunjwi kamwe, isije ikapasuka."

Daryna aliacha kutafuna. Benchi la chumba kile lilikuwa baridi, naye kwa majuma mengi, kila alipokuwa peke yake, aliitoa aproni ya Noreen kwenye chango, akaikunja na kuikalia.

Simu ililia. Kulikuwa na mtoto aliyevunjika mguu, na Noreen alihitajika kumpiga picha katika chumba cha upasuaji. Akanyoosha mkono kuichukua aproni.

Daryna alitamani kunyamaza. Kisha akaliona lile tumbo.

"Anti, usiivae! Nimekuwa nikiikunja, naikalia!"

Halyna alimtazama binti yake, akachukua aproni nyingine na kwenda upasuaji badala ya Noreen. Aliporudi, waliilaza ile ya Noreen mezani, wakaenda wote nyuma ya ukuta, wakaipiga picha.

Kwenye kioo cha kompyuta aproni ilionekana nyeupe pe. Lakini pale panapofunika tumbo, ufa mweusi ulikatiza kama mto kwenye ramani.

"Hapo mionzi ingepita," Noreen alisema taratibu.

Daryna alianza kulia. "Nilidhani ni nguo tu."

"Hukujua, na sisi hatukukufundisha," Halyna alisema. "Kifaa cha kinga kisipotunzwa kinatudanganya: tunadhani tuko salama, kumbe sivyo. Ukikiharibu, sema kabla mtu hajakitumia, hata kama unaogopa. Leo umesema kwa wakati."

Aproni ile iliwekwa kando isitumike tena. Noreen akamkumbatia Daryna.

"Una swali jingine, mdaku?"

Daryna alijifuta machozi. "Naweza kuuona tena ule ufa?"