Mashine Isiyopiga Hodi

Tarbushi ya kwanza kutoka kwenye mashine ilitoka na malengelenge.

Yalikuwa matano, madogo, yamejikusanya upande mmoja wa utosi. Mohdhar alipoyabonyeza kwa dole gumba yalizama, kisha yakainuka tena polepole, na yalikuwa ya moto ingawa tarbushi yenyewe ilikwisha kaa rafuni saa nzima. Alimkazia macho Protas, fundi wa mashine, kana kwamba Protas ndiye aliyeyapanda.

"Sabuni imezidi. Punguza."

"Sijaigusa sabuni, bosi."

"Basi punguza maneno."

Ndivyo alivyokuwa Mohdhar wa Mombasa, msimamizi wa karakana ya tarbushi mtaani Al Baraha, nchi ya Waarabu. Kila kilichoharibika, kwake, kiliharibiwa na aliye chini yake. Karakana yenyewe haikuwa kitu cha kumtia mtu kiburi: vyumba viwili chini ya ghorofa kuukuu, vinavyotengeneza kofia nyekundu za kuvaliwa na wafungua milango wa hoteli ili watalii wapate cha kupiga picha. Chache zilikwenda Lamu na Unguja, kwa watu wanaoheshimu vichwa vyao. Lakini mpe mtu mdogo ufunguo wa mlango, atatembea kama aliyejenga nyumba.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi ile ilifanywa na mikono ya wanawake sita, mkubwa wao Bi Fauziya wa Unguja. Walitandaza sufu ya kondoo juu ya jamvi, wakaimwagia maji yanayochemka yenye sabuni, wakaisugua kwa viganja na vigasha mpaka nyuzi zikashikana zikawa kitambaa kizito, ndipo wakakivisha kwenye kalibu. Na kila Bi Fauziya alipoinua kata ya maji ya moto alisema "Bismillahi" kwa sauti ya kusikika, akangoja kidogo, kisha akamwaga. Wote sita walifanya hivyo. Mswahili gani asiyejua kwamba maji ya moto hayamwagwi kimyakimya, maana sakafuni kuna wasioonekana, nao wamelala na watoto wao?

Mohdhar alijua. Mamake alimchapa kwa jambo hilo hilo alipokuwa mdogo. Lakini cheo kilipompanda kichwani alianza kusimama nyuma ya wanawake wale na simu mkononi, akipima muda wanaoungoja kabla ya kumwaga. "Mwasugua sufu kama waosha maiti," aliwaambia, akacheka peke yake.

Akamshika sikio arbab, yaani tajiri wake, Bwana Marhun, mpaka mashine ikanunuliwa: mabamba mawili ya chuma yanayosuguana, na juu yake bomba linalotema maji ya moto kila baada ya sekunde arubaini. "Arbab, hii haihitaji mtu," alisema Mohdhar, na alilisema kama anayetangaza ndoa. Wale sita wakapewa barua zao. Bi Fauziya alikwenda kufanya kazi za ndani kwa madam mmoja kule Al Warqa, na Mohdhar hakumpa hata kwaheri.

Siku ya pili ilikuja harufu. Haikuwa ya sufu iliyoungua, kwa maana hiyo wote waliizoea. Hii ilikuwa ya nywele laini, ya utosi wa mtoto. Siku ya tatu ikaja sauti. Kila bomba lilipotema, chini ya mashine kitu kilivuta pumzi, kama mtoto aliyeumia anayejikusanya kulia, ila kilio hakikutoka. Protas alijaza pamba masikioni.

"Bosi, mimi ni Mkristo, mambo yenu siyajui," alinong'ona, "lakini humu kuna mtu anaumia."

"Ni upepo kwenye mabomba. Ukiogopa bomba, rudi Iringa."

Saa sita mchana, siku ya nne, Amne, mkewe Mohdhar, alimpigia simu. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, ghorofa ya tatu.

"Baba Huda, njoo. Mtoto ameungua."

"Na nini?"

"Na hakuna! Hata chai sijainjika. Alikuwa amekaa achora."

Huda alikuwa na miaka sita, na Mohdhar, pamoja na upuuzi wake wote, alimpenda mtoto yule kuliko macho yake. Begani pake palikuwa na malengelenge matano, madogo, yamejikusanya upande mmoja. Daktari alisema ni mzio, akatoa mafuta ya kupaka. Mohdhar akashikilia neno la daktari kwa mikono miwili, maana lile jingine lililokuwa likimgonga kifuani hakutaka kulifungulia.

Kesho yake alibaki nyumbani, akaketi karibu na mwanawe, dirisha wazi, akisikia mashine yake ikisugua kule chini. Akahesabu bila kutaka kuhesabu, na alipofika arubaini bomba likatema, na Huda akashtuka, na mbele ya macho ya babake, mchana kweupe, ngozi ya mkono wa mtoto ikaanza kuinuka yenyewe, ikajaa maji, ikang'aa, na mtoto akavuta pumzi ile ile babake aliyoisikia chini ya mashine, akajikusanya, ila huyu alikuwa wake na kilio chake kilitoka.

Unadhani alikimbia kwenda kuizima mashine na kuwarudisha wanawake? Thubutu! Alikwenda kurekodi. Alisema "Bismillahi" kwenye simu ya zamani, akaiweka irudie kila sekunde arubaini, akaifunga kwa gundi kando ya bomba, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Aliridhika nayo kabisa.

Siku hiyo malengelenge yalimtoka Huda mdomoni.

Hapo ndipo akaitwa Maalim Sufyan, mtu wa Lamu, karani wa mizigo pale bandarini Deira Creek. Alikuja wakati wa mapumziko ya mchana na fulana yake ya kung'aa, chetezo katika mfuko wa plastiki. Akazima mashine, akafukiza udi, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Protas, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikaa chini taratibu, akakunja miguu upande kama mwanamke anayenyonyesha, na kutoka kinywani mwa kijana yule wa Iringa ikatoka sauti ya bibi wa Unguja.

"Nisomee, Maalim. Nami nimesoma."

Maalim akainamisha kichwa. "Una nini na watu hawa, mama?"

"Waulize wao wana nini na mie. Miaka kumi na mmoja tumekaa nao humu. Tukisikia Bismillahi tunawanyanyua watoto wetu, tunasogea, maji yanapita, tunarudi kulala. Nani alituudhi? Nasi tulimuudhi nani?" Mikono ya Protas ilipakata kitu kisichoonekana, ikakifunika vizuri. "Halafu akaja huyu. Akatutia maji ya moto bila hodi. Wangu alikuwa amelala. Mmoja tu niliyekuwa naye."

Mohdhar alionyesha simu iliyofungwa kando ya bomba.

"Nilikuwekea hodi," alisema kwa shida. "Kwenye simu."

Ile sauti ilicheka, na Maalim Sufyan, aliyekwisha sikia mengi, alirudi hatua mbili.

"Kidude kile kina mtoto? Kinaogopa nini? Mie nataka ulimi wa mtu mwenye cha kupoteza. Warudishe uliowafukuza, au usimame wewe hapa, kila maji yanapomwagika, useme kwa kinywa chako. Ukikosa, nami sikosi."

Protas alipozinduka aliomba maji ya baridi, akachukua begi lake na hakurudi tena. Mohdhar alimshika Maalim mkono.

"Mtoe, Maalim. Nakuomba."

"Nimtoe mwenye nyumba? Huyu ana haki yake. Waite wale wanawake, kijana, na leo hii."

Alimpigia Bi Fauziya. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Masikini mtoto," alisema. "Mie naja, na wenzangu watakuja. Lakini utamwambia Bwana Marhun mwenyewe, kwa kinywa chako, mbele yetu, kwamba ulikosea."

"Bi Fauziya, nikimwambia hivyo ni khalas. Atanifutia viza, sote turudi Mombasa."

"Mombasa kuna ubaya gani? Mtoto atakuwa mzima."

Mohdhar akakata simu. Naam, ni yeye aliyekata. Angepanda ndege na mwanawe mzima, lakini watu wa mtaa wake wangemwona anarudi kapa, na hilo lilimshinda.

Basi akasimama. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni alisimama mbele ya mashine isiyohitaji mtu, akisema Bismillahi kila sekunde arubaini. Alikula tonge kati ya moja na nyingine. Wakati wa sala na wa haja aliizima, akamwambia arbab kuwa inapozwa. Malengelenge ya Huda yalikauka, ngozi ikabambuka, mtoto akaanza kudai chipsi. Tarbushi zilitoka laini, nzuri, hazina kasoro hata moja. Na kinyangarika yule akajiona mjanja! Alimwambia mkewe, kwa sauti iliyokwaruza, kwamba amemweza jini na arbab hajui lolote. Amne alimtazama, akainuka, akaenda kulala na mtoto.

Jumatatu ya wiki ya tatu Bwana Marhun aliingia karakanani, bakora mkononi, ananukia udi, uso umejaa furaha.

"Mohdhar! Wiki mbili nzima hakuna hata moja iliyoharibika. Mashallah."

"Bismillahi," alisema Mohdhar, na maji yakamwagika. "Ahsante, arbab."

"Na dhikiri juu! Zein, zein. Uliniambia haihitaji mtu, mie nikadhani maneno ya madalali. Ulisema kweli." Akaashiria kwa bakora. "Nimeleta ya pili. Vijana wanaifunga tangu alfajiri chumba cha pili, karibu wanaiwasha."

Mohdhar aligeuka. Nyuma ya ukuta mabamba mapya ya chuma yalikuwa yanajaribiwa, yakisaga taratibu. Bado palikuwa na nafasi. *Nilikosea, arbab*: maneno mawili tu, mafupi kuliko salamu, na Bwana Marhun angepaza sauti vijana wasiwashe. Mohdhar alifungua kinywa. Aliiona Mombasa, uwanja wa ndege, majirani barazani.

"Mabruk, arbab," alimpongeza.

Kisha muda wa ile ya kwanza ukawadia na akageuka upesi kuiwahi. "Bismillahi." Maji yakamwagika salama. Alipokuwa angali ameinama, nyuma ya ukuta bomba jipya lilitema kwa mara ya kwanza, na chini yake kitu kikavuta pumzi.

Ng'ambo ya barabara, kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, kilio kilishuka mpaka ndani ya karakana, kikali, hakikatiki.

Bwana Marhun alitega sikio, akakunja uso.

"Masikini. Mtoto wa nani huyo?"

Mohdhar aliendelea kuhesabu. Alikuwa amekwisha fika ishirini na tisa, na aliogopa kupotea hesabu.