Mashine ya Mwangwi ya Marehemu Mabruki

Jua lilikuwa linazama upande wa Itetemia Dionis alipobisha hodi nyumbani kwa marehemu Mabruki. Alikuja kuchukua mashine ya mwangwi, basi. Ndivyo alivyomjibu kila aliyemuuliza njiani. Lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu.

Mabruki alikuwa mpiga solo wa Kigwa Jazz, na mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa hakuna aliyemfikia Tabora nzima. Dionis alipiga gitaa la pili nyuma yake. Walikula sahani moja, safarini walilala chumba kimoja, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Masika moja Dionis alipanda treni hadi Tura, akaingia kwenye kibanda cha mganga, akatoka na uzi mweusi. Aliufunga kwenye shingo ya gitaa la Mabruki, chini ya nyuzi, karibu na vigingi vya kuzikazia, mahali pasipotazamwa na mtu. Kabla ya mavuno vidole vya Mabruki vilikunjika, vikashindwa kushika hata kijiko. Na ni huyo huyo Dionis aliyekwenda kumnywesha uji mbele za watu, machozi yakimlengalenga. Mnafiki mkubwa. Mabruki akafa huku akimshukuru.

Mganga alikuwa amempa sharti moja. Uzi aufungue yeye aliyeufunga. Ukifunguliwa na mkono mwingine, utarudi kutafuta vidole vya aliyeufunga. Dionis alikusudia kuufungua siku ya mazishi, lakini gitaa lilikuwa limeshaingizwa chumbani kwa mjane, na mjane ameanza eda. Mwanamume gani angeingia chumbani kwa mwanamke aliye edani? Kila alipopita mtaa ule aliutazama mlango, akaenda zake.

Sasa eda ilikuwa imekwisha, na Mwanne, mjane mwenyewe, ndiye aliyemwita, aje kama ana haja na vyombo vya marehemu.

Alimkaribisha mkekani, akamuuliza habari za mama yake, akampa maji. Dionis akaeleza shida yake. Usiku ule bendi zilikuwa zinashindana kwenye ukumbi wa jamii, na itakayoshinda ingekwenda Dar es Salaam kupiga Sabasaba. Alikuwa ameijaribu mashine ya dukani kwa Mhindi, karibu na soko, lakini mwangwi wake ulikuwa mfupi, wa mara moja tu, kama mtu anayeitikia kwa uvivu. Ya Mabruki ilikuwa na utepe uliozunguka ndani. Kifungo kimoja kilipima sauti ichelewe kiasi gani kurudi, kingine irudi mara ngapi. Mabruki aliuweka mwangwi katikati ya pigo moja la ngoma na jingine, na gitaa moja likasikika kama matatu.

Mwanne aliitua mashine mbele yake. Ilinukia nta, kwa sababu Mabruki alikuwa na desturi ya kupaka nyuzi zake nta ya nyuki.

"Na gitaa lenyewe, shemeji?" Dionis aliuliza kama aliyekumbuka tu.

Akaletewa. Alijifanya analisifu, huku kidole gumba kikipita polepole chini ya nyuzi, pale karibu na vigingi...

Hapakuwa na kitu.

"Nililisafisha," Mwanne akasema taratibu. "Mtu akiwa edani, shemeji, ana muda wa kusafisha kila kitu."

Dionis alitafuta hasira katika uso ule, hakuiona. Angekuwa na akili angeondoka mikono mitupu, akapanda treni ya Tura usiku ule ule. Lakini bila mashine angebaki alivyokuwa siku zote, mpiga gitaa la pili. Akaibeba. Mlangoni Mwanne alimnong'oneza asikipandishe sana kifungo cha kurudia, kwani marehemu alikuwa akisema sauti ikizidi kujirudia haifi tena.

Njia nzima alikuwa akikunja na kukunjua vidole. Vilikuwa vizima.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wenceslaus, mpiga ngoma, akapiga hesabu kwa fimbo zake, na Kigwa Jazz wakaanza. Lo, mwangwi ule! Sauti ilitoka kidoleni kwa Dionis, ikaenda ukutani, ikarudi imenenepa. Watu wakaacha viti. Wakubwa wa mkoa, mstari wa mbele, wakatikisa vichwa. Dionis akacheka peke yake. Akakipandisha kifungo cha kurudia, kidogo tu.

Harufu ya nta ikapanda puani.

Kisha akasikia noti ambayo hakuipiga. Ndogo, ya pembeni, yenye kigugumizi mwishoni. Mtu mmoja tu hapa duniani alikuwa akipiga vile. Dionis akaondoa mkono kwenye nyuzi.

Gitaa likaendelea.

Likaendelea kwa raha, na watu wakazidi kucheza, wasijue. Akakirudisha kifungo hadi mwisho. Likaendelea. Akachomoa waya ukutani, taa ya mashine ikazimika... likaendelea. Wenceslaus akaona waya sakafuni, fimbo zikamponyoka. Mmoja mmoja wachezaji wakasimama.

Ndipo gitaa likanyamaza, na kwenye spika ikaja sauti ya mtu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe Dionis, ya chini, ile aliyoitumia kibandani Tura, mbele ya mganga na kibatari tu.

"Sitaki roho yake. Nataka vidole tu."

Ikarudi.

"Nataka vidole tu..."

Ikarudi tena, kubwa zaidi, mpaka bati la ukumbi likatetemeka. Mlangoni alisimama Mwanne katika kanga mpya, ametulia, anasikiliza. Dionis alitaka kumwita. Akataka kuinua mkono. Kidole kidogo kikajikunja kwanza, kisha cha pete, kisha vyote, mikono yote miwili, na maumivu yakampanda hadi mabegani. Alianguka juu ya gitaa.

Wenceslaus ndiye aliyeifungua mashine siku ya pili. Utepe haukuwamo. Palikuwa na uzi mweusi umezungushwa pale utepe unapopita, umefungwa fundo dogo, safi, la mkono wa mwanamke. Nani alimfundisha Mwanne kufanya vile, na maneno ya kibandani yalimfikiaje, hakuna ajuaye. Mganga wa Tura ilisemekana amehamishiwa kijiji kipya, na waliomfuata huko waliambiwa amekufa zamani, kabla hata ya masika yale ya Dionis.

Dionis yupo hai. Anakaa Itetemia kwa dada yake, Bernadeta, anayeshinda shambani. Kila asubuhi Bernadeta humshukuru Mungu kwa ajili ya yule mjane mwenye huruma, anayekuja na bakuli la uji bila kuchoka. Dionis akifumba mdomo, Mwanne humngoja. Huupuliza uji upoe, kisha humwinamia sikioni.

"Kunywa, shemeji. Sitaki roho yako. Nataka vidole tu."

Halafu humfuta kidevu kwa upindo wa kanga, akampa kijiko kingine.