Feni ya Chumba cha Uyoga

Feni iliwaka asubuhi ya mvua, chumba kikiwa baridi, na haikupaswa kuwaka.

Uthmani, fundi umeme wa magari hapo mtaani Buyenzi, ndiye aliyeiunda kwa vyuma chakavu: feni ya rejeta, betri kuukuu, na termostati ya mashine mbovu ya kuangulia vifaranga. Dada yake Assia analima uyoga katika chumba cha nyuma, na uyoga usipopata hewa hurefuka na kukonda tu. Chumba kikipata joto, feni inazunguka. Kikipoa, inazima yenyewe. Mtaa mzima ulishaambiwa, maana mdomo wa Uthmani hufika kabla ya kazi yake.

Assia aliingia kuizima. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Mara Hayat, mwanawe wa miezi minane, akalia chumba cha pili, paji lake likichoma.

Adhuhuri homa ilishuka, na feni ikazima. Alasiri ikapanda, na feni ikawaka. Siku tatu mfululizo ikawa hivyo, na sirupu ya dispansari haikufua dafu.

"Kaka," Assia alinong'ona, "yale maji ya moto tulichemshia majani ya mupunga ya kupandia uyoga, nani alimwaga kwa mutaro?"

"Sijuwe."

"Alisema bismillahi?"

Buyenzi hata mtoto anajua: maji ya moto hayamwagwi chini kabla ya kuwatahadharisha majini wanaokaa huko.

"Mi niko fundi, Assia. Wachana na mambo ya bibi."

"Mutoto wangu anaunguwa, we unaniambia fundi!"

Assia akatoka mbio. Akamwita Mwalimu Sulemani, msomaji wa dua, naye akaketi mlangoni na kuanza kusoma, na kadiri alivyosoma feni ilizidi kasi, harufu ya kuungua ikajaa hadi ukumbini, Hayat akageuza macho yakabaki meupe, na katikati ya mapanga ya feni ikatoka sauti ya mwanamke, sauti iliyokwaruzwa na kilio na ghadhabu, ikisema polepole:

"Mutoto wangu ngozi yote ilitoka. Nani alimwaga?"

Sulemani alimtazama Uthmani. Uthmani akamnyooshea Assia kidole.

"Ni dada," akasema.

Mwongo mkubwa! Na mtoto wa dada yake anakata roho mbele yake. Assia alimkamata shati, akambamiza ukutani.

"Sema ukweli, Uthmani! Sema!"

"Ni mi," akanong'ona. "Ni mi nilimwaga. Sikusema kitu."

Feni ikasimama. Hayat akatoka jasho, akapiga chafya, akatafuta ziwa la mama yake. Assia alilia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

Uthmani akacheka. Ndiyo, alicheka! Akachukua koleo, akakata nyaya zote mbili.

"Munaona? Ilikuwa kontakti mbaya tu."

Kisha akashika ukuta. Malengelenge yalikuwa yanafura kwenye mkono ule ule ulioshika koleo, yanapanda kiwikoni, yanapanda shingoni, na feni, nyaya zake zikining'inia hewani, ikaanza kuzunguka pole pole, halafu kwa nguvu.

"Dada," akasema, meno yakigongana. "Dada, zima."

Assia alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge.

"Zima we mwenyewe. We si ndiye fundi?"

Akatoka. Mwalimu Sulemani akafunga kitabu chake, akamfuata.