Mtaro Mbele ya Duka la Ngalula

Ngalula alitoka mbio dukani mwake mwa kufulia nguo, gauni la harusi mikononi, jeupe lenye madoa mekundu kama tofali. Mwaka ule wa 1970, barabara ile ya katikati ya Lubumbashi ilikuwa imechimbwa ili mabomba ya zamani ya maji, yaliyooza kwa kutu, yabadilishwe. Wapita njia walisimama kumtazama: kitenge cha kijani kimembana kiunoni, nywele zimesukwa juu, macho yanawaka.

"Mukubwa wa kazi iko wapi?"

Kijana mrefu, tope hadi magotini, alipanda kutoka mtaroni. "Ni miye, Sudi."

"Nafua robe ya bibi-arusi, maji inatoka na kutu! Harusi ni kesho!"

"Pole, mama. Tulitikisa tiyo ya zamani ya maji."

"Miye si mama yako!"

"Basi pole, murembo."

Wachimbaji walicheka. Ngalula akamtupia gauni usoni.

Jioni Sudi alilirudisha likiwa safi. Dada yake Alima alikuwa amelisugua kwa ndimu na chumvi. Ngalula hakushukuru, lakini alicheka. Tangu hapo simu ya duka la dawa la jirani haikutulia: Sudi alimpigia Ngalula kila siku kutoka ofisini.

"Chérie, umekula?"

"Nakula vumbi yako. Utamaliza lini?"

"Nikimaliza, nitakuona namna gani?"

Asubuhi moja mabomba mapya yaliyopangwa kando ya mtaro hayakuwepo. Bwalya, mwenye duka la dawa, alisema lori limeyapeleka kwenye villa ya mkubwa mmoja wa chama tawala, na Sudi alionekana akiongea na dereva. Mtaro ukabaki wazi, maji yakakatika kabisa. Ngalula alipiga simu ofisini kwa Sudi.

"Sudi, uliuza tiyo yetu?"

Sudi alijibu kwa sauti ya chini: "Siwezi kusema ku telefoni."

"Bamama banateka maji ya muto, batoto banaharisha, na weye unanyamaza? Mwizi!"

Akabamiza simu. Sudi hakupiga tena. Ngalula akamtukana sokoni, akamtukana kanisani, akalala na hasira na kuamka nayo, mpaka Alima alipokuja dukani, macho yamevimba kwa kulia.

"Kaka yangu alilala chini, mbele ya camion ile ya tiyo, isitoke! Balimutoa kwa nguvu. Ulipomupigia, basoda na bunduki balikuwa banaisha kufika mu bureau yake. Sasa amefungwa, na weye unamwita mwizi!"

Ngalula alichukua ndoo, akaita wanawake wa barabara nzima, wakaenda kuketi mlangoni mwa kituo alikofungwa Sudi, wakipiga ndoo na kulitaja jina la mkubwa yule aliyechukua mabomba kwa sauti. Kabla jua halijazama, ili kelele zikome, Sudi alisukumwa nje, mdomo umepasuka.

"Juu ya nini hukunitumia neno?" Ngalula alimfokea.

"Bangekufunga na weye."

"Bangenifunga! Unafikiri miye ni mutoto?"

"Kazi nimepoteza, tiyo hazitarudi, na bado unanikasirikia."

"Nitakukasirikia mpaka nikufe!"

"Basi unikasirikie mu nyumba yangu." Sudi alimshika mkono. "Ngalula, niko nakuomba. Tuoane."

Wanawake walishusha ndoo zao. Ngalula alimfikiria baba yake, Mkristo wa Kasai asiyetaka kusikia habari ya mkwe Mwislamu kama Sudi. Akamfuta Sudi damu kwa ncha ya kitenge, uso bado umekunjwa.

"Kesho baba yako akuje kwetu," alisema. "Na baba yangu akikataa, atanisikia."