Kikohozi cha Dakika ya Nne

— Fundi, ongeza sauti wazee wasikie!

Kiplimo aliagiza huku amekunja nne kwenye sofa. Gerishon Ng'ang'a, fundi wa spika aliyekodiwa kwa shughuli hiyo, akaongeza. Leo wazee wa Kiplimo walikuwa mtaa wa West Indies, nyumbani kwa Mzee Kipyego, kumposa binti yake Priscah, mwalimu wa muziki.

Priscah alikwepa macho ya Gerishon. Miaka sita, kila Jumapili, wawili hao walikuwa wakisikiliza hapo nyumbani santuri alizoacha padri mmoja Mwitaliano: muziki wa okestra unaosimulia kupambazuka mlimani, bila neno moja la kuimba. Kazi ileile, okestra mbili, ya Wajerumani na ya Waitaliano. Walilinganisha, wakabishana, wakapendana. Mzee Kipyego akasema fundi wa redio hataoa kwake, mambo yakaishia hapo.

Ndipo Kiplimo akarudi kutoka Milano. Alimtumia Priscah sekunde thelathini za muziki uleule kwa WhatsApp: "Hiyo trumpet ni mimi. Live, last year." Moyo wa Priscah ukalegea. Leo ndiyo mara ya kwanza kuusikia muziki huo wote kutoka simu ya Kiplimo.

Dakika ya nne vinanda vilinyamaza. Mtu akakohoa mara mbili, kavu, kisha tarumbeta ikapaa.

Priscah aliinua kichwa. Kikohozi hicho alikijua. Yeye na Gerishon walikuwa wamekipa hadi jina: Mzee Kifua.

— Gerishon, umesikia?

— Nimesikia.

— Na umenyamaza?

— Ningesema, wangeniita mwenye wivu.

Priscah aliingia chumbani, akarudi na santuri ya Waitaliano, akaiweka kwenye mashine ya santuri. Dakika ya nne, kikohozi kilekile mara mbili, kisha tarumbeta ileile. Mzee Kipyego akavaa miwani, akasoma jalada.

— Hapa wameandika 1961. Kiplimo, ulipiga hii tarumbeta kabla mama yako hajazaliwa?

Wazee wakashika vibuyu vyao vya maziwa ya mursik bila kunywa. Kiplimo alitazama zulia.

— Nilikuwa nabeba viti kwa hall ya muziki huko Milano, Mzee. Nilitaka tu mnione mtu.

— Ungeniambia unabeba viti ningekuheshimu — Priscah alisema. — Umeniposa na pumzi ya mtu mwingine. Sikutaki!

Wageni walitoka mmoja mmoja. Gerishon akaanza kukunja nyaya.

— Wacha hizo waya — Mzee akafoka. — Miaka sita ulikuwa unatafuta nini kwangu?

— Msichana wako, Mzee.

— Leo kila mtu hapa alisikia tarumbeta. Ni nyinyi wawili tu mlisikia mtu akikohoa. Nilikukosea, kijana. Sasa niambie, kati ya hizo santuri, gani ndiyo nzuri?

— Ya Waitaliano — alisema Gerishon.

— Ya Wajerumani! — alidakia Priscah. — Hiyo yako inakokota miguu!

— Yako ina haraka, jua linachomoza kama linafukuzwa!

Mzee Kipyego akacheka hadi miwani ikamdondoka.

— Mama Priscah, njoo uone! Hawa wameoana kitambo, ni sisi tumechelewa.

Jumamosi iliyofuata wazee wa akina Ng'ang'a walishuka kutoka Timboroa kuleta posa. Priscah alitoka kuwapokea kwa furaha isiyofichika, na spika zikapasua mtaa mzima kwa santuri ya Waitaliano. Dakika ya nne Mzee Kipyego aliinua mkono, watu wote wakanyamaza.

Mzee Kifua akakohoa, na nyumba ikalipuka kwa vigelegele.